Gego Lililonyamaza

Fundi cherehani wa kisa hiki nimemtunga kwa ajili ya kufundishia. Nimempa kibanda chake Makuyuni ya mkoa wa Tanga, kando ya barabara kuu itokayo Korogwe kuelekea Mombo na Moshi, ambako mabasi hupita mchana kutwa na safu ya Usambara haiondoki machoni. Sisemi Makuyuni ya Monduli, ile ya njia ya Ngorongoro. Hiyo tutaigusa kidogo baadaye, kwa sababu maji ya ukanda wake yana habari yake katika mambo ya meno. Mtu nimemtunga. Ugonjwa wake sikuutunga, wala dawa alizozitumia, wala mafundisho aliyoyaamini. Hayo yapo, yanazunguka, na watu wanayalipia kwa meno yao, mara nyingine kwa uhai.

Ilianza na tundu dogo kwenye gego la chini, upande wa kushoto. Aliligundua kwa ncha ya ulimi. Akinywa maji ya mtungini, jino lilimchoma mara moja likaacha. Akila muhogo wa kuchoma, kipande kilinasa humo akakitoa kwa njiti ya kiberiti. Mtu mwenye kazi huyavumilia mambo hayo. Mteja wa sare hasubiri, na kwa watu wengi wa nchi hii kwenda kwa daktari wa meno maana yake ni kung'olewa. Wanakwenda jino likiwa limekwisha kuharibika, linang'olewa kwa sababu limekwisha kuharibika, kisha jirani anahitimisha kwamba huko hakuna kingine kinachofanyika. Hofu hiyo inaeleweka kabisa, na ndiyo iliyomfanya fundi atege sikio alipoambiwa kwamba ipo njia nyingine.

Alikuwa pia na binti wa darasa la pili. Meno yake mapya ya mbele, yale makubwa yaliyoota baada ya ya utotoni kung'oka, yalikuwa na mawaa meupe yasiyong'aa karibu na ufizi. Hayakumuuma mtoto. Mama aliyaona siku akimsugua meno mwangani, akaingiwa na wasiwasi. Naomba msomaji awashike hawa wawili pamoja, mama mwenye tundu na mtoto mwenye mawaa, kwa maana kosa lote la kisa hiki limelala kati yao.

Habari ya tiba ya chakula aliileta mtoto wa dada yake, kijana afanyaye kazi Dar es Salaam, aliyekuja likizo na kitabu alichokisoma na kukipenda.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Chai hii hapa, mimi leo jino linanisumbua."

"Usikimbilie kung'oa, mama mdogo. Jino ni mfupa, na mfupa ukivunjika si unaunga? Ukilipa jino chakula chake, tundu litajifunga lenyewe."

Akampangia. Aache ugali, maharage na mikate, kwa sababu nafaka na kunde zina faitati inayoyashika madini yasiingie mwilini. Ale maini, mayai, siagi na supu ya mifupa. Anywe mafuta ya ini la samaki kutoka duka la dawa. Asage maganda ya mayai yaliyochemshwa, alambe unga wake kwa ajili ya kalisi. Sukari ya dukani ni haramu kwake kuanzia leo. Asali ruhusa, kwa kuwa ni ya asili.

Kijana huyu alimpenda mama yake mdogo, na mafundisho yake yana asili ya kweli inayostahili kuheshimiwa. Weston Price, daktari wa meno wa Cleveland huko Marekani, alizunguka dunia katika miaka ya 1930 akitafuta jamii zilizokuwa bado zinakula vyakula vyao vya jadi. Mwaka 1935 alifika Afrika Mashariki. Akawatazama vinywani Wamaasai na watu wa makabila mengine, akaona kwamba wafugaji walioishi kwa maziwa, nyama na damu walikuwa na meno machache sana yaliyooza, na kwamba waliokwisha kuzoea unga mweupe na sukari walikuwa nayo mengi zaidi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1939, na wengi wanaofundisha leo kwamba jino huponywa kwa chakula wanamrudia yeye.

Alichokiona alikiona kweli. Lakini aliyaona meno ambayo hayajatoboka. Mmaasai wa mwaka 1935 hakunywa maziwa tundu likaziba. Hakuwa na tundu. Kutoka kwenye kinywa kizima mtu hawezi kujifunza namna ya kukitibu kinywa kilichooza. Na hata uzima wenyewe ulikuwa na sababu zaidi ya moja. Sukari haikuwepo, hilo ni la kwanza na ni kubwa. Tena sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Arusha na Meru zikiwemo, maji yake yana floridi kwa wingi. Floridi kidogo hulikaza jino. Ikizidi wakati jino linaundwa hulitia madoa, na ndiyo maana watu wengi waliokulia ukanda huo, ambao Makuyuni ile nyingine imo ndani yake, wana meno ya rangi ya kahawia. Rangi hiyo si kuoza, ingawa wengi wetu tunaidhania hivyo. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Yupo na mwingine ambaye jina lake hutajwa sana. May Mellanby, Mwingereza, pamoja na mwenzake C. Lee Pattison, walichapisha mwaka 1932 matokeo ya kazi waliyoifanya Sheffield kwa watoto waliokuwa hospitalini. Waliwapa chakula kisicho na nafaka, chenye vitamini D na kalisi nyingi. Meno mapya yaliyooza yakawa machache, na baadhi ya sehemu zilizokuwa zimeoza na kulainika zikawa ngumu. Hapo ndipo wasomaji wa haraka wanaposoma zaidi ya kilichoonekana. Zilikuwa ngumu, hazikujaa. Jino lililoliwa robo lilibaki limeliwa robo, ila kuoza kulisimama. Halafu kumbuka mahali penyewe: Sheffield ya wakati huo ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, jua lake haba, na bila jua mwili hautengenezi vitamini D ya kutosha. Mtoto wa Makuyuni anapungukiwa na mengi, lakini jua halimo katika orodha hiyo.

Sasa tuliangalie jino lenyewe, kwa kuwa kijana alikosea katika neno lake la kwanza. Jino si mfupa. Mfupa una damu na chembe hai zinazojenga upya kila siku, ndiyo sababu huunga. Enameli, lile ganda gumu la juu, haina chembe hai hata moja. Chembe zilizoijenga zilifanya kazi jino likiwa bado ndani ya ufizi, na jino lilipochomoza zikapotea, hazirudi tena. Ndiyo maana chakula cha mjamzito na cha mtoto mdogo kina uzito mkubwa: wakati huo ndipo jino linajengwa. Baada ya hapo, maini ya ng'ombe mzima hayawezi kumrudisha mjenzi aliyekwisha kuondoka.

Kuoza kwenyewe huanza hivi. Utando unaoganda juu ya meno umejaa bakteria, Streptococcus mutans wakiwa maarufu zaidi. Bakteria hao wakipata sukari huigeuza kuwa asidi ndani ya dakika chache. Asidi huyayeyusha madini ya enameli na kuyatoa. Mate huja nyuma yake na kazi ya kurudisha: yanaizimua asidi, kisha yanairudishia enameli kalisi na fosfati. Ikiwa kinywa kinapata muda wa kupumzika, mate hushinda. Kikikosa muda huo, asidi hushinda, na dalili ya kwanza ya ushindi wake ni waa jeupe lisilong'aa. Uso wa jino hapo bado haujaporomoka; ni madini tu yaliyopungua chini yake. Waa hilo linaweza kurudi kuwa zima. Hili ni jambo la kweli, limethibitishwa, na kila mzazi anapaswa kulijua. Uso ukishaporomoka na tundu kufunguka, habari imebadilika. Bakteria wameingia mahali ambapo mswaki haufiki na mate hayapiti vizuri.

Rudi sasa kwa fundi wetu. Alimwanzishia binti yake utaratibu wa kijana, na kwa kuwa mtoto ni mtoto, kilichobadilika hasa ni kimoja: pipi, barafu za rangi na ubuyu wenye sukari vilikatazwa. Pia mama, kwa ule wasiwasi wake, alianza kusimama juu ya kichwa cha mtoto asubuhi na usiku mpaka asugue meno kwa dawa ya meno yenye floridi. Miezi ikapita. Mawaa yakafifia, ung'avu ukarudi. Mama alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Akampigia simu kijana.

"Mwanangu, ulilolisema ni kweli. Meno ya mtoto yanapona."

"Nilikwambia, mama mdogo. Na lako litafuata. Vumilia."

Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake, ndani ya nyumba yake, kwenye kinywa cha mwanawe. Ndiyo hatari ya nusu ya kweli: inaleta mashahidi wa kweli. Mtu akikwambia uongo mtupu utamshtukia mapema. Akikuonyesha meno yaliyopona utamfuata, na hutauliza kama hayo yaliyopona na hilo lako yana ugonjwa wa hatua moja.

Yeye mwenyewe alishika sharti kwa uaminifu uliomgharimu. Ugali aliuacha, na maharage. Maini ya buchani aliyanunua kwa fedha iliyokuwa ya nyuzi na vifungo. Hapa nasema kwa uchungu: kumwambia mama wa Korogwe au Handeni aache ugali wa dona na maharage kwa sababu ya faitati ni kumnyang'anya chakula kilichowakuza wazee wake, na badala yake kumwonyesha sahani asiyoweza kuimudu. Faitati ipo kweli na hupunguza madini yanayofyonzwa. Lakini kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake huipunguza, na kuchachua unga wa uji huipunguza pia, mambo ambayo bibi zetu waliyafanya bila kulijua jina hilo. Kalisi ipo kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ipo kwenye maziwa, ipo kwenye mchicha na kisamvu. Hakuna aliyehitaji kulamba maganda ya mayai.

Kisha ile asali. Handeni ina asali nzuri, na mtu wa huko hukuambia kwa fahari imetoka kwenye mti gani. Fundi aliinunua akaitia kwenye chai badala ya sukari. Kwa kuwa aliambiwa haina dhara, na kwa kuwa tumbo lisilo na ugali halitulii, akawa na chupa ya chai pembeni ya cherehani tangu asubuhi hadi jioni. Funda moja, mshono, funda, mshono. Asali karibu asilimia 80 yake ni sukari, na bakteria hawaulizi kama imetoka kiwandani au mzingani. Kila funda lilianzisha asidi upya. Katika miaka ya 1940 Robert Stephan wa Marekani alipima jambo hili kwenye vinywa vya watu: baada ya sukari kuingia, asidi kwenye utando wa meno hupanda mara moja, na huchukua nusu saa au zaidi kushuka. Anayekunywa vikombe viwili vya chai tamu kwa siku, kila kimoja na mlo wake, hukipa kinywa chake vipindi viwili vya asidi. Anayeonja mchana kutwa hana kipindi. Kinywa chake kiko ndani ya asidi siku nzima. Fundi alikuwa amepunguza sukari kwenye hesabu ya mfukoni na kuiongeza kwenye hesabu ya jino.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, sukari ilipoadimika Norway na Japani, kuoza kwa meno ya watoto kulipungua. Sukari iliporudi, kuoza nako kukarudi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya kuongezwa, asali ikihesabiwa humo, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima, vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 mara nyingi ina zaidi ya gramu 35. Kwa hiyo, wanaosema chakula na meno vina uhusiano wanasema kweli tupu. Chakula ndicho kinachoozesha, na chakula ndicho kinachokinga.

Tundu la fundi lilikua kimyakimya, kwa sababu chini ya enameli kuna dentini iliyo laini zaidi, na humo kuoza hutanuka kuliko mdomo wa tundu unavyoonyesha. Usiku mmoja likaanza kuvuta. Si kule kuchoma kwa maji baridi. Hili lilikuwa pigo linalofuata mapigo ya moyo, akilala linazidi, akiketi linapungua. Jirani mmoja alisema jino lina mdudu, akamletea mzizi wa mtunguja autafune. Mwingine alimpa karafuu. Karafuu ilimsaidia, kwa maana mafuta yake hutia ganzi kweli, hata wataalamu wa meno huyatumia katika dawa ya kuziba kwa muda. Lakini ganzi haimwondoi bakteria. Dukani akauziwa diklofenaki na vidonge vya rangi mbili, akameza vichache, vilivyobaki akaviweka kwa ajili ya siku nyingine.

Halafu asubuhi moja maumivu yakaisha. Yaliisha kabisa. Maji baridi hayakumchoma, uji wa moto haukumchoma, aligonga jino kwa ukucha likanyamaza.

"Nimepona," akamwambia kijana kwenye simu. "Alhamdulillahi, nimepona."

Ningependa msomaji asimame hapa kuliko mahali pengine popote. Katikati ya jino mna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria wakikifikia, kiini huvimba, na kwa kuwa kimefungiwa ndani ya kuta ngumu hakina pa kutanukia. Ndipo maumivu yale ya usiku yanapotoka. Kikibanwa hivyo mwisho hufa. Kilichokufa hakiumi. Jino limenyamaza kwa sababu aliyekuwa analia ndani yake amekwisha kufa, na bakteria sasa wana nyumba yenye giza isiyo na mate, isiyo na damu ya kuwapinga, yenye mlango wa chini unaotokea kwenye mfupa wa taya. Watu wengi mno huhesabu siku hiyo kuwa siku ya kupona. Waliokuwa wakitumia mizizi huisifu mizizi, walioombewa hutoa ushuhuda, na waliokula maini huyasifu maini.

Fundi aliishi na kimya hicho muda mrefu, akashona, akafundisha wengine. Wanawake wawili watatu wa jirani waliacha mpango wa kwenda hospitali baada ya kumsikiliza. Uvimbe ulianza mwishoni mwa Desemba, sare za shule zikiwa zimerundikana juu ya meza. Kwanza shavu. Akakandia kwa maji ya chumvi. Uvimbe ukashuka chini ya taya, ukavuka upande wa pili, ngozi ikawa ngumu. Kinywa kikakataa kufunguka zaidi ya upana wa kidole. Ulimi ukainuka. Mate yakaanza kumtoka kwa kuwa kumeza kulikuwa kugumu, na sauti yake ikabadilika.

Uvimbe wa namna hiyo unajulikana kwa jina la daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliyeueleza mwaka 1836. Usaha na uvimbe chini ya ulimi husukuma juu na nyuma mpaka njia ya hewa inabanwa. Kabla ya viuavijasumu kupatikana, wengi waliokuwa nao walikufa, na wapo wanaokufa nao hata leo wakichelewa. Mwenye uvimbe unaoshuka shingoni, mwenye homa, asiyeweza kumeza au kufungua kinywa, hana sababu ya kungoja kupambazuke. Mume alimpakia kwenye bodaboda usiku ule ule, akaketi nyuma kumshikilia, wakakimbilia hospitali mjini Korogwe.

Walimwokoa. Aliwekewa dripu, akachomwa sindano za dawa, uvimbe ukapasuliwa chini ya kidevu usaha ukatoka, na kinywa kilipoweza kufunguka gego likang'olewa pamoja na jino la pembeni yake lililokwisha kuambukizwa. Sare zile zilishonwa na fundi mwingine. Kovu lipo chini ya kidevu.

Tabibu wa meno aliyemhudumia alikuwa kijana, naye alimsikiliza habari yote ya chakula bila kumkata kauli. Fundi alikuwa na maswali mawili, na la kwanza lilimtoka kwa hasira.

"Mwanangu, ningekuja mapema si ungeling'oa tu?"

"Hapana, mama. Lile tundu dogo ulilolisema, tungeliziba. Hata mashine isingehitajika."

Akamweleza njia ambayo msomaji wa Tanzania anapaswa kuijua kwa fahari, kwa sababu ilianza kufanyiwa kazi hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake waliokuwa katika chuo cha meno Dar es Salaam walikuwa wanatafuta namna ya kuwatibu watu wa vijijini pasipo umeme wala mashine ya kukereza meno. Wakatumia vyombo vya mkono peke yake: kuondoa sehemu laini iliyooza kwa kijiko kidogo chenye makali, kusafisha, kisha kujaza tundu kwa saruji ya meno inayogandamana na jino. Mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Baadaye saruji ya glasi-ayonoma ikaifanya njia hiyo kuwa imara zaidi, majaribio yakafanyika Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangazia dunia. Leo inatumika katika nchi nyingi. Ipo pia dawa ya maji ya fedha na floridi, inayopakwa juu ya tundu na kuzuia kuoza kusiendelee, ingawa hulitia jino weusi. Mwaka 2021 iliingizwa na shirika hilo katika orodha ya dawa muhimu. Yote mawili yana wakati wake. Yanafaa kiini kikiwa hai. Tundu likishafika kwenye kiini, kinachobaki ni kutibu mzizi, kazi ndefu na ya gharama, au kung'oa.

Nikifikiri juu ya hili moyo unauma. Fundi alikuwa anatafuta tiba isiyong'oa, isiyo na kelele za mashine, isiyo ya gharama kubwa. Tiba hiyo ilikuwepo, imezaliwa katika nchi yake, wakati yeye analamba maganda ya mayai kwa sababu ya kitabu cha mbali.

Swali lake la pili aliliuliza kwa sauti ya chini zaidi.

"Na binti yangu? Mbona yeye alipona?"

"Binti yako hakuwa na tundu, mama. Alikuwa na waa. Ulimwondolea pipi, ukamsugua kwa dawa yenye floridi, mate yakafanya kazi yake. Ulimtibu vizuri sana. Lakini wewe ni fundi: kitambaa kilichokunjamana unakipiga pasi kinarudi. Kilichotoboka je?"

Hakujibu, kwa kuwa kazi yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kujibu.

Chakula hakukitupa alipotoka hospitali, na tabibu hakumwambia akitupe. Ugali na maharage vilirudi mezani, dagaa na mchicha vikabaki. Asali anaila pamoja na chakula cha asubuhi, basi. Pembeni ya cherehani ipo chupa ya maji. Dawa ya meno ya familia ni yenye floridi, naye ameelekezwa kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele, mkubwa kidogo kiasi cha punje ya njegere, na kwamba baada ya kusugua ni kutema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno. Mti wa mswaki hakukatazwa, mradi asugue nao kwa upole na kila upande. Kijana wa Dar es Salaam alikuja kumwona. Walizungumza sana, na aliporudi mjini alikwenda kutazamwa meno yake mwenyewe.

Jambo moja zaidi alilifundishwa siku ile, nalo ndilo analolisema kwa wateja kuliko yote. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, umri wa kuingia darasa la kwanza. Huota nyuma kabisa ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi hawalioni likija, na wakiliona limetoboka husema liache, litang'oka, litaota jingine. Halitaota jingine. Ndilo gego la maisha yote, na mikunjo yake ya juu hukamata chakula kabla mtoto hajajua kusugua nyuma. Gego la fundi lililong'olewa lilikuwa hilo hilo.

Januari wazazi huleta watoto kupimwa sare. Akishapima mabega, kiuno na urefu, fundi humwomba mzazi ruhusa, kisha humgeuza mtoto mwangani na kumwambia afungue kinywa. Akiona doa jeusi au kijishimo kwenye lile gego la nyuma, huliandika kwenye karatasi ile ile ya vipimo, chini ya urefu wa mkono: gego la chini, kulia, lipelekwe likazibwe wiki hii. Na mzazi akimwuliza kwani linamuuma, humjibu kwamba bado, na ndiyo sababu aende sasa.